Kila Siku ya Kumi na Saba

Machi 2

Kwa heshima na taadhima ninautangazia ulimwengu, na hasa daftari hili ambalo ndilo peke yake linalonisikiliza mpaka mwisho, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi madume wawili wa kondoo wa dada yangu wamevalishwa upya hereni zao za masikioni. Hotuba hazikuwepo. Aliyevalisha ni mimi. Shughuli nzima imechukua dakika nne.

Jana walipigana kupitia waya wa uzio, wakanasa, wakajinasua kwa ujeuri, na hereni zikabaki kwenye tope: namba tano na namba sita. Tano ni ya Mwenyekiti, dume la mbegu. Sita ni ya Katibu, pacha wake, ambaye alifungwa mirija na daktari wa zamani miaka mitatu iliyopita. Katibu anapanda majike na kufanya yote yanayofanywa, ila hakuna mtoto anayetokea. Kazi yake ni kuonyesha nani yuko kwenye joto, kisha anatolewa na Mwenyekiti anaingia. Anaandika kumbukumbu za kikao, hapitishi azimio.

Wanafanana kama matundu mawili ya pua moja. Dada akasema, "Mdogo wangu, si umngoje yule binti daktari awapapase? Aliyekuwa akiwajua kwa macho ni marehemu mume wangu."

Nikamkumbusha kwamba nimekuwa fundi saa miaka kumi na tisa, mpaka watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu, na kwamba nilikuwa natofautisha saa mbili za kiwanda kimoja kwa mlio tu. Dume la mbegu lina macho ya mamlaka. Lile jingine huangalia pembeni. Nikabana.

"Haya, fundi," akasema Dada, akarudi jikoni.

Machi 4

Daktari amefika na pikipiki yake. Ni binti wa miaka ishirini na saba hivi, wa kituo cha utafiti wa mifugo, na mfukoni ana karanga. Anatafuna huku akizungumza na anazungumza huku akifikiri, kwa hiyo mara nyingi karanga ndiyo inayotangulia kutoka.

Niandike kwa nini yuko hapa, ili nikija kusahau nisisingizie uzee. Baada ya msiba, ndugu wa marehemu walikaa kikao wakaamua: Dada abaki na shamba msimu huu mmoja. Mwaka jana marehemu aliugua, dume hakuingizwa kwa wakati, kundi halikuzaa. Msimu huu majike kumi na wanane wakishika mimba kabla Mei haijaisha, shamba ni la Dada mpaka achoke mwenyewe. Wakikosa, kondoo watauzwa, shamba litarudi kwa mdogo wa marehemu, na Dada atahamia mjini kwa binti yake, ghorofa ya nne, mahali ambapo ukitaka kutema mate lazima umuulize jirani.

Daktari alikuwa anatafuta kundi la kufanyia majaribio nje ya kituo. Aliyemshawishi Dada akubali ni mimi.

Leo amewawekea majike sponji, moja moja, ndani kabisa, na kamba ndogo ikining'inia nje. Sponji imelowekwa projesteroni, homoni ya mimba.

"Hii inaudanganya ubongo, Mama," akasema. "Ubongo unadhani ovari inashughulika, unatulia. Siku ya kumi na nne tunaitoa, wote wanaamka kwa pamoja."

"Kumbe ni uongo tu," akasema Dada.

"Uongo wa siku kumi na nne."

"Wa marehemu ulikuwa wa miaka ishirini, na sponji hakuwa nayo."

Tumecheka sote watatu. Nimeandika kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho Dada kucheka.

Machi 5

Mvua.

Machi 9

Daktari ameniazima kitabu kisicho na jalada. Nimekisoma zizini, nimekalia ndoo. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Ubongo unatuma agizo. Ovari inalea yai ndani ya kifuko cha maji. Kifuko kikikomaa kinamwaga homoni ya joto, jike anaanza kumtafuta dume, yai linatoka. Pale lilipotoka panaota kitu kidogo kiitwacho mwili wa manjano. Huo ndio unaotengeneza projesteroni na kuuandaa mji wa mimba, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha mji wa mimba unasubiri. Ikifika siku ya kumi na tatu hivi bila kusikia lolote kutoka kwa kijusi, unatuma ujumbe mmoja kwa ovari: hakuna aliyekuja. Mwili wa manjano unabomolewa, shuka zinakunjwa, na siku ya kumi na saba jike anaanza upya kama vile hajawahi kungoja mtu.

Saa nzuri. Ningependa kukutana na fundi wake.

Machi 11

Shemeji amekuja, yule mdogo wa marehemu. Ni mtu wa koti hata jua likiwa utosini. Anakusalimia huku akiangalia paa lako, kama anahesabu mabati. Ana kondoo jike kumi na mmoja anaowanenepesha kwa ajili ya bucha, na wanamtoroka kila wakati.

"Niazimeni huyo asiyezaa akawakusanye," akasema. "Majike wakiwa na dume hawatangitangi. Ila vitoto sitaki. Mimi nataka nyama."

"Katibu? Huyo hazalishi hata kwa kura," nikamjibu.

Amemchukua kwa kamba. Katibu alikuwa akiangalia nyuma mpaka kona ya barabara. Nimefurahi, angalau kelele za uzioni zimekwisha.

Machi 18

Sponji zimetoka zote kumi na nane. Harufu yake siiandiki, daftari hili linalala karibu na mto wangu. Kila jike amepigwa sindano ya kuamsha ovari. Daktari amemfunga Mwenyekiti mkanda wa kifuani wenye rangi ya njano, ili kila anayempanda abaki na alama mgongoni.

Machi 20

Wote! Kumi na wanane, migongo ya njano, kama wamemwagikiwa na jua. Daktari alikuwa anarukaruka kwenye tope. "Mjomba, angalia! Angalia yule wa mwisho!" Mwenyekiti amelala kwa kusimama, kichwa kwenye ukuta.

Dada alitoka na chai kwa kila mtu, akahesabu migongo mara mbili kwa kidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tumepona?"

Nikamwambia tumepona.

Machi 24

Mvua.

Machi 27

Mvua. Dada ameanza kurekebisha banda la wanakondoo. Anapiga misumari mwenyewe, mmoja kati ya mitatu unapinda.

Aprili 3

Tumebadilisha rangi ya mkanda, sasa ni nyekundu. Daktari anasema ni utaratibu tu. Siku ya kumi na saba ikipita bila mgongo mwekundu, maana yake mji wa mimba umesikia kitu, haujatuma ule ujumbe.

Aprili 6

Mgongo wa kwanza mwekundu niliuona nikiwa na mswaki mdomoni. Nikasema huyo mmoja tu, wapo wa namna hiyo. Saa sita mchana walikuwa kumi na wanne. Jioni, kumi na wanane.

Daktari alihesabu bila karanga. "Alizidiwa," akasema. "Dume mmoja, majike kumi na wanane, siku mbili. Kosa langu, Mama. Safari hii tunawaleta watatu watatu, anapumzika katikati."

Jambo la maana. Nimelikubali. Tumeanza kuwaleta watatu watatu, tutaendelea mpaka kesho mchana. Mwenyekiti anafanya kazi kama anayelipwa kwa kipande.

Aprili 8

Nyundo ya Dada haisikiki tena.

Aprili 16

Daktari amechukua damu, vichupa kumi na vinane ndani ya boksi la barafu, amelifunga kwenye pikipiki kama yai la mbuni.

Aprili 21

Majibu ya damu yamekuja. Projesteroni iko juu kwa wote. Maana yake mayai yalitoka, miili ya manjano imeota, kila ovari inafanya kazi yake sawasawa. Daktari alinionyesha mstari kwenye karatasi, unapanda vizuri, unatulia juu kama sinia kichwani.

"Ovari hizi ni kama saa, Mjomba."

Nikamwambia saa nimeshaziona nyingi zinazotembea vizuri zikiwa na wakati usio sahihi. Tulicheka, lakini yeye alimaliza kwanza.

Aprili 23

Buluu. Wote.

Nitaandika polepole.

Asubuhi Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi kabla yangu, na kanga yake ameifunga kiunoni kama anakwenda kuchimba. Hakuniita. Nilipofika alikuwa anaangalia jike mzee kuliko wote, yule mwenye sikio lililochanika, aliyemzalia marehemu pacha mara nne. Jike alikuwa akijisugua kwa Mwenyekiti na kutikisa mkia. Mgongo wake ulikuwa na njano iliyofifia, juu yake nyekundu, na juu yake buluu mbichi.

"Huyu naye haoni aibu," akasema Dada. "Mara ya tatu."

"Hajui kuwa ni mara ya tatu, Dada. Kwake kila mara ni ya kwanza."

"Heri yake."

Daktari alifika saa nne. Alikaa chini kabisa, kwenye samadi, akafungua daftari lake. Kipimo cha sponji sawa. Sindano sawa. Damu sawa. Joto la jike mmoja mmoja, sawa. Akauliza kuhusu chumvi, maji, kama kuna mnyama mwingine aliyepita. Kisha akaniangalia.

"Mjomba, una uhakika na dume?"

"Kama ninavyoijua saa yangu."

"Nilitaka kumpima mbegu, lakini ile mashine ya kituoni imekufa tangu mwaka jana."

"Huyu ndiye aliyezaa kundi lote hili," akasema Dada.

Daktari hata hivyo aliinuka, akamshika Mwenyekiti kwa nyuma, akampapasa kokwa zote mbili, kubwa, ngumu, zilizojaa. "Hapa hakuna neno," akasema. "Wangekuwa nazo wanaume wote." Manyoya ya huko nyuma yalikuwa yameshikamana kwa tope, akajifuta mkono kwenye nyasi.

Akapendekeza sindano nyingine, ya kulitoa yai saa ileile ya kupandwa. Tumewapiga wote. Jike mwenye sikio lililochanika hakushtuka hata kidogo. Ameshazoea.

Hereni nilizozibana mwezi Machi sikuzitaja. Hazikunijia kichwani. Zingenijia ningezitaja, nadhani.

Aprili 24

Shemeji amepita. Safari hii hakuangalia paa, aliangalia chini.

"Shemeji," akamwambia Dada, "mimi sikuomba kikao kile. Kaka zangu ndio walioamua. Majike wakikosa mimba nitafanya nini? Nikiliacha shamba watasema nimekula njama."

"Fanya walivyosema," Dada akajibu. "Ila usipake banda rangi. Marehemu alichanganya ile rangi mwenyewe."

Nilikuwa nimemwandika huyu bwana kuwa ni mwizi anayesubiri giza. Leo nimemwona anakunja kofia yake mpaka ikapoteza umbo.

Katibu wake hajambo. Shemeji anasema kondoo hawatoroki tena.

Mei 2

Mvua. Banda la wanakondoo linavuja upande ambao halijamalizwa.

Mei 5

Nimeota natengeneza saa yenye meno kumi na saba. Jino la mwisho likifika, inasimama na kutaja jina la Dada.

Mei 9

Mkanda una rangi nyeusi. Ndiyo iliyobaki dukani.

Mei 10

Wote kumi na wanane.

Leo nimefanya jambo ambalo nisingependa liandikwe, kwa hiyo naliandika. Daktari alikuwa amesimama zizini, bomba la sindano tupu mkononi, midomo imekauka. Akasema, "Sielewi. Kila kitu ndani yao kinafanya kazi."

Nikamwambia, "Bibi mdogo, umekuja hapa kujifunzia kazi kwenye mali ya mjane. Ungesema tangu mwanzo kuwa hujui."

Akachukua boksi lake, akalifunga kwenye pikipiki, kamba ikamshinda, akaifungua, akaifunga tena. Sikumsaidia. Dada alitoka akamsaidia. Kisha akamshika shavu, akamwambia, "Nenda mwanangu, wala usilie njiani, barabara ina mashimo."

Dada hajanisemesha tangu hapo. Ana haki.

Mei 12

Kitabu nimekisoma tena chote. Siku ya kumi na tatu mji wa mimba unatuma ujumbe: hakuna aliyekuja. Mara ya kwanza niliona ni ufundi. Sasa nasoma sentensi hiyo na kuifunga.

Mei 20

Mvua zimekatika. Majani yamejaa kila mahali, wa kuyala hawatazaliwa.

Mei 29

Gari la mnunuzi limekuja saa tatu. Walipandishwa kwa ubao, mmoja mmoja, na kila mgongo una rangi nne. Mnunuzi akauliza ni shule gani hii yenye sare za namna hii. Hakuna aliyecheka, akajutia.

Jike mwenye sikio lililochanika aligoma kupanda. Dada akamtangulia yeye mwenyewe juu ya ubao, akaingia ndani ya gari, jike akamfuata. Kisha Dada akatoka peke yake.

Mwenyekiti, mnunuzi alimnusa akamkataa. Nyama ya dume mzee inanuka, alisema. Amebaki zizini anazunguka ukutani.

Juni 3

Nimempeleka Dada mjini. Ghorofa ya nne. Mpwa wangu amempa chumba kizuri chenye dirisha linaloangalia dirisha la mtu mwingine. Dada alifungua mfuko wake, ndani kulikuwa na nguo chache na nyundo.

"Ya nini sasa, Mama?" binti yake akauliza.

"Huenda kuna msumari," akasema.

Wakati naondoka alinishika mkono. "Mdogo wangu, wewe unasoma. Ilikuwa nini hasa?"

Nikamwambia homoni, Dada. Mambo ya homoni, bado hawajayamaliza kuyachunguza.

Akatikisa kichwa kama anayepokea majibu ya hospitali.

Juni 7

Shemeji ameniambia nikae niangalie shamba, chumba changu kiko palepale. Banda hakulipaka rangi. Nilitaka kumshukuru, nikamwambia mlango wa stoo unahitaji bawaba.

Juni 14

Nimepata habari za Daktari kwa muuza dawa za mifugo. Jaribio limefungwa, yeye amehamishiwa ofisi ya makaratasi. Taarifa yake imeandika kwamba ovari ziliitikia vizuri na sababu ya kukosa mimba haijulikani. Kitabu chake bado ninacho.

Juni 17

Hakuna.

Juni 26

Shemeji amekuja mbio, bila koti. Nilijua kuna msiba.

"Wewe! Mlinipa dume gani?"

Leo asubuhi alimpeleka bucha kondoo wa kwanza kati ya wale kumi na mmoja. Aliyempasua akamwita ndani akamwonyesha. Pacha. Wameshaota manyoya, kwato zao laini kama kucha za mtoto. Shemeji amerudi nyumbani akawapapasa kumi waliobaki. Wote wana matumbo, na ngozi ya chini inarushwa kutoka ndani.

"Dume mwingine hajaingia kwangu mwaka huu," akasema. "Ni huyo Katibu wenu tu. Si mlisema hazai?"

Nilikwenda zizini, nikambana Mwenyekiti kwenye kona, nikachukua maji na sabuni, nikaosha manyoya ya huko nyuma mpaka ngozi ikaonekana. Juu ya kokwa, pale kwenye shingo ya mfuko wake, kulia na kushoto, kuna makovu mawili. Yamenyooka vizuri. Daktari wa zamani alikuwa na mkono safi.

Shemeji alisimama nyuma yangu akiangalia bila kuelewa, kisha akaelewa, akakaa kwenye ndoo yangu. Mwisho akasema, "Dada yako tumwambie?"

Nikamwomba anipe siku moja. Kisha nikamwomba amlete Katibu. Amemleta kwa kamba ileile.

Juni 27

Saa mbili na robo asubuhi nimebadilisha hereni. Imechukua dakika nne.